Tenga la nyanya kwa paka mwoga: nimelitumia miezi minane

Niseme mapema: sijalipwa na mtu, na mzee aliyenifumia tenga hili hana habari kwamba kuna watu wanaandika maoni ya matenga mtandaoni. Yeye anafuma matenga ya nyanya kule Ilula, mwendo wa kama kilomita 45 kutoka Iringa mjini ukishika barabara ya Dar, na nadhani mimi ni mteja wake wa kwanza aliyekuja na vipimo vya paka.

Paka mwenyewe ni jike, anaitwa Kunguru. Ni mweusi tii, ila jina amelipata kwa tabia. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu wa kwangu huukimbiza hata kifuniko cha sufuria kikidondoka kwa jirani. Nilimwokota kwenye mtaro nyuma ya kibanda changu cha cherehani, Mlandege, akiwa na miezi mitatu hivi na hajawahi kuguswa na mtu. Daktari aliniambia baadaye kwamba kitoto cha paka huwazoea binadamu kwa urahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7. Ukimpata baada ya hapo unaweza kumlainisha, lakini usitegemee atakuwa paka wa kupakatwa na wageni. Ndivyo alivyo. Usiku analala miguuni kwangu. Ikipigwa hodi, hayupo.

Kabla ya tenga nilikuwa na keji ya plastiki. Niliiagiza Dar kwa 85,000 na nauli ya basi juu yake, ya kijivu, mlango wa waya kwa mbele. Kwa macho ni kitu cha maana: inaoshika, haivuji, inafunga vizuri. Shida ni kwamba ilikaa juu ya kabati mwaka mzima, na kila iliposhuka ilishuka na balaa. Kunguru alifika mahali akawa anaitambua sauti ya stuli ninayopandia kuifikia.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilitugharimu mimi na mdogo wangu dakika arobaini, shuka moja na damu kidogo kabla hata hatujatoka mlangoni. Kliniki tuliyokwenda siitaji. Pa kusubiri ni benchi moja, nami nikaiweka keji sakafuni miguuni kwangu kama mfuko wa sokoni. Nilikosea. Kulikuwa na mbwa wawili na beberu mmoja wa kufungwa kamba, na mbwa mmoja akaja akaingiza pua kwenye waya. Hakuwa mkali, masikini, alikuwa anasalimia. Lakini ndani ya ile keji hakuna pa kukimbilia: mlango ni mmoja, na pua ya mbwa iko mlangoni. Kunguru alijikunja nyuma kabisa, masikio yamelala kama hana, mboni zimejaa jicho zima, manjano yake huyaoni tena. Zamu yetu ilipofika, kijana wa pale alijaribu kumvuta kwa ngozi ya shingo, akashindwa. Akainua keji, akaigeuza mlango chini, akaitikisa kama mtu anayemimina maharage kwenye debe. Paka akaangukia meza, akakojoa, akaruka, akaenda kujibana nyuma ya jokofu la dawa. Tulirudi bila chanjo, hela ya kumwona daktari nimelipa, na kwenye bajaji hadi Kihesa nanuka mkojo wa paka.

Nikadhani yameisha. Kumbe nyumbani yupo Chungwa, dume aliyehasiwa, mpole, ambaye hula na Kunguru bakuli moja na kulala naye kiti kimoja. Nilipofungua keji sebuleni alikuja kumpokea mwenzake, akamnusa mara moja, mkia ukafura kama brashi ya kuoshea chupa, akamrukia. Nilimwagia maji wote wawili. Sababu yake nimeijua baadaye na inaeleweka: paka humtambua ndugu yake kwa pua kuliko kwa macho, na aliyerudi alikuja na harufu ya spiriti, ya mbwa na ya hofu. Kwa Chungwa huyo alikuwa mgeni aliyevaa ngozi ya Kunguru.

Ilibidi niwatenge. Kunguru chumbani, Chungwa sebuleni, mlango umefungwa. Nilichukua kipande cha kitenge nikamfuta Chungwa mashavuni, pale nyuma ya ndevu ambapo paka hujisugua kwenye kona za meza, kisha kitambaa hichohicho nikakiweka anapolala Kunguru. Cha Kunguru nikakipeleka kwa Chungwa. Chakula nikawawekea kila mmoja upande wake wa mlango, mbali kidogo, kila siku nikisogeza bakuli. Siku ya nne walikuwa wanakula huku kila mmoja anamnusa mwenzake chini ya mlango bila kunguruma, nikafungua. Wiki mbili zilipita kabla hawajarudi kiti kimoja. Wiki mbili, kwa safari ya saa moja na nusu.

Kwa muda wa miezi sikutaka kusikia habari za kliniki. Majirani walinishauri mengi, mojawapo likiwa kumpa robo ya Panadol "apoe" kabla ya safari. Tafadhali usithubutu. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Inaharibu chembe nyekundu za damu, na hata kidonge kimoja kinatosha kuua. Na tukiwa hapohapo: ukienda duka la pembejeo kutafuta dawa ya viroboto, soma lebo. Permethrini, ambayo ng'ombe na mbwa wanaivumilia, kwa paka ni sumu.

Tenga lilikuja kwa bahati. Nilipeleka sare za kwaya Ilula, nikateremka pale matenga ya nyanya yanapopangwa kando ya lami yakisubiri malori. Kwenye moja lililokuwa tupu, juu ya nyasi za kutandikia, kilikuwa kimelala kitoto cha paka. Malori yanapita, honi zinalia, watu wanapandisha mizigo, chenyewe usingizi mzito. Nikasimama nakitazama mpaka mzee aliyekuwa anachana mianzi akaniuliza kama nanunua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, kamwene."

Nikamweleza. Akacheka kwanza. "Huyo paka unampeleka Kariakoo?" Halafu akaanza kuuliza maswali ya fundi: ana uzito gani, anatafuna, anachimba? Nilitaka urefu wa kiwiko mpaka ncha za vidole mara moja na nusu, na lisiwe na mlango wa mbele. Liwe vipande viwili, kapu la chini lenye kina na mfuniko mrefu unaonyanyuka wote. Akafikiri, akasema, "Nyanya haitafuti njia ya kutoka. Huyu ataitafuta. Nitabana." Na kweli alibana, kwenye tenga la kawaida kidole kinapita, kwenye langu hakipiti. Bei 12,000, nikalifuata wiki iliyofuata.

Nililisugua ndani kwa msasa, maana mianzi ina vibanzi, nikashona mikanda miwili na vifungo vya kubana kama vya begi, nikatandika mabaki ya blanketi. Kisha nikaliweka kona ya jiko bila mfuniko, nikaliacha. Huo ndio uamuzi ulioleta tofauti kuliko mianzi yenyewe: tenga ni fanicha. Halipandi juu ya kabati. Ilikuwa Juni, na anayeijua Juni ya Iringa anajua kwamba kitu chochote chenye blanketi karibu na jiko la mkaa hakikosi mpangaji. Siku tatu Kunguru alilizunguka. Ya nne nikamkuta ndani, kidevu juu ya ukingo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya dagaa. Dagaa mmoja ndani ya tenga, basi. Kesho yake mfuniko juu kwa muda anaotafuna dagaa mmoja, nautoa kabla hajamaliza. Kisha nanyanyua tenga naliweka palepale. Kisha natembea nalo hadi mlangoni. Jirani yangu ana bajaji; tukakaa ndani yake imezimwa, siku nyingine imewashwa, siku nyingine tukazunguka mtaa. Alinicheka sana lakini mafuta hakunidai. Siku paka akikataa, narudi hatua moja nyuma. Yote yalichukua wiki mbili na nusu, na sehemu ngumu ilikuwa uvumilivu wangu mimi.

Daktari niliyempata safari hii alitaka kwanza kujua uzito wake, na hakutaka nimpeleke kwa ajili hiyo tu. Tukaazima mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama: tenga tupu kilo 1.6, tenga na Kunguru kilo 5. Kwa kilo 3.4 hizo akampangia gabapentini, dawa ambayo binadamu hupewa kwa kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu, na madaktari wa wanyama siku hizi wanaitumia kuwatuliza paka kabla ya safari. Hutolewa saa mbili hadi tatu kabla. Alitaka nijaribu siku moja nyumbani kwanza, na ni vizuri nilimsikiliza, kwa sababu Kunguru alitembea kama mlevi wa ulanzi na kukosa kiti aliporuka; ningeyaona hayo kwa mara ya kwanza kliniki ningechanganyikiwa. Jioni alikuwa sawa. Kipimo sikiandiki hapa, kwa sababu paka mwenye figo mbovu hupewa kidogo zaidi, na hilo ni la daktari wako. Kuna pia dawa ya kupuliza ya Feliway, iliyotengenezwa kuiga ile harufu ya mashavu. Hapa dukani sijaiona, nikatumia kile kitambaa changu cha Chungwa.

Siku yenyewe, nililifunika tenga kwa kitenge kizito. Tulipofika sikuingia. Tulibaki ndani ya bajaji mpaka tukaitwa, na mbwa wa benchini hatukuonana naye. Ndani, tenga likawekwa juu ya meza, si chini. Dokta alifungua mikanda, akanyanyua mfuniko, akaacha kitenge palepale juu ya paka. Hakumtoa. Alipima moyo kwa kupitisha mkono chini ya kitambaa, akafunua mguu wa nyuma tu, akachoma. Nilimuuliza mbona mguuni, mimi nimezoea kuona wanachoma katikati ya mabega. Akasema kwa paka wachache sana uvimbe mbaya huweza kuota pale sindano ilipoingia, na mguuni kuna nafasi ya kuutibu. Mgongoni ni vigumu. Yote dakika sita. Kunguru alinguruma mara moja, kisha akaficha kichwa kwenye kona ya blanketi. Hakukojoa.

Nyumbani nilimweka chumbani hadi kesho yake asubuhi, nikamfuta kwa kitambaa kilekile. Chungwa alimnusa, akatoa sauti moja ya manung'uniko, akaenda zake.

Sasa kasoro, maana zipo. Mkojo ukiingia kwenye mianzi hautoki kwa maji peke yake. Mwezi wa nne wa kulitumia alichafua, nikaosha kwa sabuni na kulianika juani siku mbili, na nikiinama bado naisikia harufu kwa mbali. Kwa hilo keji ya plastiki inalishinda mbali. Upepo wa Julai kwenye bajaji unapenya hata mzee alivyobana, kwa hiyo kitenge kimoja hakitoshi asubuhi. Kwenye bodaboda usilibebe, ni pana, linayumba. Na kwa dume la mtaani lenye kucha za kazi sina uhakika mikanda yangu ingetosha. Kunguru hapigani, yeye hujificha, na tenga limemfaa kwa sababu ni pa kujificha. Ukiwa tayari una keji, usiitupe. Ile inayofunguka vipande viwili kwa skrubu unaweza kuitumia vilevile: toa nusu ya juu, tandika blanketi, iache sebuleni.

Ningependa kusema pia kwamba watoto wa mtaani wakiona tenga lenye paka mweusi chini ya kitenge wana maneno yao, na watu wazima wengine hawako mbali nao. Jiandae.

Malalamiko yangu makubwa ni Chungwa. Amelihamia. Kunguru akitoka kula tu, mwenzake kilo tano na ushei amejaa humo ndani, na Kunguru hana ubavu wa kumtoa. Mwezi jana nikarudi Ilula kuagiza la pili. Mzee sasa ana jina lake kabisa, "tenga la nyau", na limepanda: 15,000.