Kozi ya Kiingereza ya jioni Mwanjelwa: walichomfanyia yule mama sijakisahau

Kama unatafuta kozi ya jioni ya Kiingereza pale Mwanjelwa, Mbeya, nisome kwanza. Hasira hazijaniisha.

Mwalimu wao wa vielezi ana kanuni moja tu: chukua kivumishi, bandika "ly", umemaliza. Kwa "quick" na "slow" inakubali. Lakini "fast" haibandikwi kitu, "good" inageuka "well", na "friendly" ina hiyo "ly" mwishoni na bado ni kivumishi. Hayo hakuyagusa kabisa.

Sasa kuna mama mmoja wa makamo, mtu wa Tukuyu, anafanya usafi kwenye nyumba ya wageni na anataka kuhamia mapokezi. Akaja na barua yake ya kuomba kazi. Kaandika "I work hard", yaani anafanya kazi kwa bidii. Sahihi kabisa! Mwalimu akashika kalamu nyekundu, akakata, akaandika "hardly". Yaani mama wa watu ampelekee bosi barua inayosema kazi hafanyi, au anaigusagusa tu! Mama akauliza kwa upole, "Samahani ticha, mbona wageni wetu nawasikia wanasema kama nilivyoandika?" Akajibiwa mbele ya darasa zima: "Mama, kichwa chako kimeshagoma. Rudi Tukuyu ukauze ndizi." Na watu wakacheka.

Nikanyoosha mkono, nikamwambia "hard" haibadiliki hapo. Akanijibu, "Kama unajua sana, njoo ushike chaki." Mama akakunja barua yake, na kipindi kilichofuata hakuonekana.

Haki yao niwape: dada anayefundisha matamshi ni mwalimu hasa. Anasikiliza, anarudia, hachoki. Ada nayo unalipa kidogokidogo. Kwa ajili ya huyo dada nilitaka kuwaambia wanaoanza waende tu, vipindi vya vielezi wavikwepe.

Lakini hapana. Nilipolalamika ofisini niliambiwa mwalimu yule "ana uzoefu". Uzoefu gani? Wa kuwatukana watu wazima waliotoka kazini wamechoka, wakapanda daladala na baridi lile la Juni, na hela wamelipa? Nafuta niliyosema hapo juu. Msiende, hata kwa yule dada msiende, mpaka mama aombwe radhi mbele ya darasa lile lile lililomcheka.