Tiketi nimelipa, halafu naulizwa kama najua nilikokuja

Nyota mbili. Nilitaka kutoa moja, ila kuna jambo lilitokea katikati, subirini nifike.

Ninatunza wazee hapa Tampere, Ufini, huu mwaka wa nne. Majira haya jua linachomoza saa nne kasoro, na saa tisa alasiri limeshazama, kwa hiyo siku ya mapumziko mtu ama analala ama anatafuta pa kwenda. Mimi nikanunua tiketi ya onyesho la muziki ambao hapa wanaupenda sana na kwetu ungeambiwa spika imeungua: mivumo mirefu ya mashine, hakuna ngoma, hakuna kiitikio, na dada mmoja anaimba Kifini gizani. Euro 18. Nimelipa kwa kadi yangu, wiki mbili kabla. Nasisitiza hilo kwa sababu ya yule kijana wa mlangoni.

Nilimpa simu akague tiketi. Mashine yake ikalia, maana yake tiketi halali, habari imekwisha. Yeye akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Tiiätkö sä mikä keikka tää on?" Yaani, unajua hili ni onyesho gani?

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikasogea pembeni, nikajifanya navua glavu, nikahesabu. Watu kumi na mmoja walipita baada yangu, wote makoti meusi, na hakuna hata mmoja aliyefanyiwa mtihani. Kumi na mmoja!

Kibaya zaidi, nilikuwa nimemjibu, na hasira ikanivuruga. Kifini kina hali 15 za nomino, yaani mwisho wa neno hubadilika kuonyesha unakwenda, unatoka au uko ndani. Ukikosea mwisho wa neno, umekosea safari nzima. Nilitaka kusema nimekuja kwenye onyesho, "keikalle". Mdomo ukatoa "keikalta", nimetoka kwenye onyesho. Akatabasamu. Nyota moja imekufa pale pale, kwenye lile tabasamu.

Kutundika koti, euro 3 nyingine. Haya.

Ukumbi wenyewe ni kiwanda cha zamani cha matofali mekundu, kama vilivyo vingi kando ya maporomoko ya Tammerkoski. Huu ndio mji uliowasha taa za umeme kwenye kiwanda cha Finlayson mwaka 1882, na usiku ule walizima zote ikabaki ya kijani ya mlango wa dharura. Niliikodolea macho sana ile ya kijani. Dakika ishirini za kwanza siwezi kuzitolea ushahidi. Besi ilikuwa inapita chini ya sakafu, inapanda magotini, na mimi natunga majibu ambayo ningempa yule kijana kama ningekuwa na akili yangu. Nilitunga mazuri sana. Yote kwa Kiswahili.

Na msidhani mimi ni mgeni wa haya mambo. Nimewasikiliza Pan Sonic wa Turku, kundi la muziki huu huu wa mashine, wale walioanza wakiitwa Panasonic mpaka ikabidi wang'oe herufi "a" kwenye jina, halafu albamu iliyofuata wakaiita "A". Nyumbani nina sidii nne za albamu yao "Kesto", na ya mwisho ni wimbo mmoja tu, saa nzima. Nimeimaliza. Zaidi ya mara moja. Angeniuliza basi!

Dada alikuwa ameilaza kantele mezani. Kwa wasioijua, ni kama ndugu wa mbali wa ganuni ya taarabu, nyuzi zimelala juu ya ubao, ila yeye hakuidonoa kwa upole, aliikwaruza kwa kipande cha chuma, na kile kikwaruzo kikaingia kwenye kifaa kinachokamata sauti na kuirudiarudia. Sehemu hii ilikuwa ndefu mno, nasema ukweli. Nilipiga miayo.

Kisha akaanza kuimba. Kwanza pumzi tu. Halafu mstari unaanzia juu na kushuka, unashuka, mwisho wake unavunjika kama kwikwi, anavuta pumzi, anaanza tena juu. Nikaujua. Ule ni "itkuvirsi", maombolezo ya wanawake wa Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi. Kazini nimewatunza wazee waliozaliwa kule, miongoni mwa watu zaidi ya 400,000 waliohamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na bibi mmoja alinieleza usiku mmoja, usingizi umemgomea, kwamba katika kilio hicho aliyekufa hatajwi kwa jina. Mama haitwi mama. Anaitwa "kantajaiseni", mbebaji wangu.

Na dada akalisema neno lile lile. Mashine ikalikamata, ikalirudia na kulirudia mpaka konsonanti zikalika, zikabaki irabu tupu zinazunguka gizani.

Babu yangu alipofariki, Karagwe, bibi alilia siku mbili na hakumtaja jina hata mara moja. Alimwita "mwenye fimbo yangu". Nilikuwa mtoto, nikadhani amesahau.

Nililia, bila aibu. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaninyooshea karatasi ya kufutia machozi bila kugeuza shingo. Kwa Mfini hiyo ni hotuba nzima. Kwa hiyo andikeni nyota tano. Nyota sita.

Halafu nikatoka, na nani ananipa koti? Yule yule. "Oliko hyvä?" ananiuliza, ilikuwa nzuri? Kwa sauti ya mtu anayemsemesha mtoto aliyemaliza uji.

Nimewaandikia wenye ukumbi. Wamejibu kwa adabu kwamba huwa wanamuuliza kila anayeingia, kwa kuwa kuna watu hutoka katikati wakidai kelele. Kila anayeingia! Nimewarudishia namba moja tu: kumi na moja. Hawajajibu tena.

Nyota mbili, basi, na zote ni za dada na mzee wa karatasi. Mwezi ujao anaimba tena hapo hapo. Nimeshanunua tiketi mbili. Ya pili ni ya mwenzangu wa kazini, mama wa Bukavu, ambaye Kifini chake hakikosei hata herufi na mdomo wake hauogopi mtu. Nitamtanguliza yeye mlangoni.