Uchambuzi: Mashine ya Hewa Inayosafisha Vichala vya Zabibu Bila Tone la Dawa

Haya, karibuni, karibuni. Leo sina salamu ndefu, maana mashine iko hapa nyuma yangu, imeshafungwa kwenye trekta, na mikono inaniwasha. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kufika, hii ni chaneli ya mitambo ya shambani. Hapa hatuongei sana, tunawasha. Sawa, tunaongea pia.

Hii ni mashine ya kutoa majani ya mzabibu kwa hewa. Nguvu za farasi, uzito, mambo ya haidroliki, yote yako kwenye kitabu chake na najua nyinyi mmeshayasoma, nayaruka. Shika hili tu: kuna kompresa inayozungushwa na shafti ya trekta, kuna mabomba yanayoleta hewa, na kuna hivi vichwa vinavyopita usawa wa vichala. Ndani ya kichwa kuna nozeli zinazozunguka, kwa hiyo hewa haitoki mfululizo. Inatoka kwa mapigo, pa-pa-pa-pa, na kila pigo linachana jani. Presha yenyewe ndogo, inachezea karibu na baa 1. Tairi la gari dogo linabeba zaidi ya 2!

Sasa sikilizeni. Kila anayeisifia mashine hii anasifia majani. Majani, majani, majani. Jamani, majani hata mikono inatoa. Mimi nimeipendea kitu kingine kabisa. Leta kamera. Sogea. Sogea tena, usiogope. Hapo hapo.

Mnaona kichala hiki? Mzabibu umemaliza kuchanua, punje zina ukubwa wa pilipili manga. Tazama katikati ya punje, hivi vitu vya kahawia vimejazana kama pumba. Ni vifuniko vya maua, stameni (sehemu za kiume za ua) zilizokauka, na punje changa zilizokufa kabla hazijakua. Leo havina neno. Lakini punje zitanenepa, kichala kitajibana, na uchafu wote huu utafungiwa ndani. Na kuna kuvu anaitwa Botrytis, yule wa kuoza kijivu, ambaye chakula chake cha kwanza ni tishu iliyokufa. Anajijenga humo humo kwenye pumba, anatulia. Sukari ikipanda, mvua ikanyesha, kichala kinaoza kuanzia ndani. Kwa nje unaona zabibu safi, ukibonyeza kidole kinazama. Na dawa huko ndani haiingii, upulize mpaka pipa likauke.

Basi tuone. Chini ya mistari hii miwili nimetandika turubai jeupe. Mstari wa kushoto majani yametolewa kwa mikono, kazi nzuri tu, sina la kulaumu. Wa kulia napitisha mashine, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Vaa vizuia sauti. Wewe uliyevaa ‘headphone’ nyumbani, punguza sauti sasa hivi, usije ukanilaumu.

Haya, nimezima. Njoo tuangalie turubai. Upande wa mikono kuna majani mazima na vumbi kidogo. Upande huu... chota, onyesha kiganja. Ona! Vipande vya majani, ndiyo, lakini hii ya kahawia yote ilikuwa ndani ya vichala. Sasa rudi kwenye kichala chenyewe. Punje ziko palepale, vikonyo vizima, na katikati unapitisha macho mpaka upande wa pili. Hiki kitu, ndugu zangu, mikono haikiwezi. Utakaa na kibano kwenye kichala kimoja mpaka jua lizame.

Na bado. Hizi karatasi za njano ndizo zinazogeuka bluu zikiguswa na maji. Nimebana moja nyuma ya kichala kila upande, tukapuliza maji matupu kwa bomba lile lile, nozeli zile zile. Kushoto: madoa yametawanyika, na kona hii ya njano haijaguswa kabisa. Kulia: karibu yote bluu. Maana yake dawa utakayopuliza kesho inafika kwenye zabibu, haiishii kwenye majani. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamewekewa kikomo cha shaba, ile inayopulizwa kama dawa ya kuvu, kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Ukipimiwa hivyo, hutaki kuipaka shaba yako kwenye jani ambalo ungeweza kuling'oa.

Ngoja niingize tangazo la chaneli kabla sijasahau. Video ndefu sasa zitakuwa zinatoka mwisho wa wiki, fupi katikati ya wiki. Na maikrofoni mpya ipo, mliolalamikia upepo mmesikika. Jiunge, bonyeza kengele, turudi.

Nimeulizwa sana kuhusu mpinzani wake, ile ya kufyonza, yenye feni inayovuta jani na kisu kinachokata. Nitasema ukweli: ni tulivu, inakula mafuta kidogo, na ukuta wa majani inauacha nadhifu kuliko hii yetu, maana hii inaacha majani yamechanika chanika, hayapendezi. Lakini kisu ni kisu. Kichala kikijitokeza kinakatwa. Na pumba? Inaziacha kwa sehemu kubwa. Kuna mtu ataandika hapo chini, "Tumia blowa ya mgongoni." Itatoa zilizolegea, sikatai. Tembea nayo hekta nzima halafu uje tuongee.

Halafu kuna roboti. Thorvald ya Saga Robotics kutoka Norway inapita usiku na taa za UV-C, yaani mionzi ya urujuanimno, kuua ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu unaoonekana kama unga mweupe. Usiku kwa sababu mwanga wa mchana unamsaidia kuvu kujitibu, giza linamnyima nafasi. Akili nyingi sana hapo. Ila inapiga ubwiri unga kwa sababu kuvu huyo anaishi juu ya ngozi. Uchafu ndani ya kichala hautoi.

Na hii ya leo pia haitibu ubwiri unga, tuelewane. Ubwiri unga hauhitaji hata mvua, na punje ziko hatarini zaidi tangu kuchanua mpaka kama wiki 4 baadaye. Ratiba ya dawa iko palepale.

Kuhusu bei, inauma. Nilianza video hii nikitaka kusema nunua, lakini kadiri ninavyoongea naona si kwa kila mtu. Kama una aina za vichala vilivyobana, Pinot Noir, Riesling, Chenin Blanc, hapo nakuelewa, tena bora mchange watu kadhaa au mkodi, maana inafanya kazi kipindi kifupi tu cha msimu. Kama una Cabernet Sauvignon, vichala vimeachia, ngozi nene, hela yako weka kwenye bomba zuri la dawa. Na kama mizabibu yako haijapandishwa wima kwenye waya, vichwa hivi havina pa kupita.

Muda wake: maua yakishaanguka, mpaka punje ziwe sawa na njegere. Ukiwahi wakati wa kuchanua utaangusha maua. Wapo wanaofanya hivyo makusudi ili kichala kiachie, lakini mavuno yanapungua. Ukichelewa, mapigo yanachubua punje, na kila mchubuko ni mlango wa Botrytis. Na anza na upande unaopata jua la asubuhi. Ukifungua upande wa jua la alasiri kwa pupa, zabibu zitaungua.

Video ijayo tunafungua hii kompresa, maana chujio la hewa limejaa pumba kuliko nilivyotarajia na nataka mwone pa kusafisha. Kama una swali la presha au mwendo, liandike hapo chini na utaje aina ya zabibu, bila hivyo sitaweza kukujibu.