Kuishi na saratani ya tezi dume bila kisu: tathmini ya huduma ya ufuatiliaji kwa mgonjwa wa Mwanza

Huduma yenyewe ni hii: kinyama (kipande cha tezi kilichochukuliwa kwa sindano) kimeonyesha saratani ya tezi dume, lakini daktari anashauri upasuaji na mionzi visubiri. Utapimwa kwa ratiba, na tiba itaanza vipimo vikibadilika. Wagonjwa wengi wakisikia hivyo hudhani wamekatiwa tamaa. Kwa anayefaa, sisi tunaiona ni bora kuliko kisu, maana kisu huweza kuacha mkojo unaovuja na nguvu za kiume zilizopotea kwa ugonjwa ambao pengine usingemsumbua. Inapoangukia huku kwetu ni kwenye kumbukumbu.

Anayefaa ni mwenye PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) isiyozidi 10, Gleason (alama ya ukali wa saratani) ya 6, na uvimbe ambao kidole cha daktari hakiupati au uko sehemu ndogo ya upande mmoja. Aliyefika kliniki mkojo umeziba na mifupa inauma kwa sababu ya saratani, huduma hii haimhusu. Mzee sana mwenye maradhi mengine mazito naye ana utaratibu wake mwepesi zaidi, wa kutibiwa dalili zikijitokeza.

Kabla ya kukubali, soma ripoti ya kinyama. Ikisema "saratani" tu, bila Gleason, bila idadi ya vipande vilivyochukuliwa na vingapi vina ugonjwa, irudishe ikamilishwe. Vipande vya kawaida ni 12. Vikiwa 4 au 5, sindano inaweza kuwa imepita kando ya ugonjwa mkubwa ikaokota mdogo. Ndiyo sababu kinyama cha pili, ndani ya mwaka wa kwanza, ndicho kiini cha huduma, na MRI ikipatikana ifanyike kabla yake ili sindano ijue pa kwenda. Cha kusikitisha, hicho ndicho watu hukikwepa. Hofu yao ina msingi: sindano inayopita njia ya haja kubwa hubeba bakteria. Homa na kutetemeka siku chache baadaye ni vya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Njia ya msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ina maambukizi machache, kwa hiyo uliza kama ipo. Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache, na kwenye shahawa kwa wiki kadhaa, ni kawaida. Mkojo ukiendelea kuwa mwekundu upimwe, maana kanda hii kichocho kipo.

PSA hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, na hapo ndipo makosa hujazana. Leo umepima maabara ya karibu na Kirumba, miezi 4 baadaye Nyegezi: mashine tofauti, namba tofauti, na mtu anaambiwa ugonjwa umepanda. Chagua maabara moja ubaki nayo. Ukiwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), subiri wiki 6 baada ya kupona. Siku 2 kabla ya kutoa damu, acha tendo la ndoa na baiskeli. Hatari kubwa zaidi ni dawa ya kusinyaza tezi, finasteride, ambayo hushusha PSA karibu nusu baada ya miezi 6 hivi. Anayeitumia akisoma 5, daktari aisome kama 10. Asipoambiwa, ugonjwa unajificha nyuma ya namba nzuri.

Omba pia ujazo wa tezi uandikwe kwenye ripoti ya ultrasaundi, kisha gawa PSA kwa ujazo huo. PSA 6 kwa tezi ya mililita 60 ni 0.10, inatuliza. PSA hiyohiyo 6 kwa tezi ya mililita 30 ni 0.20, imevuka 0.15 inayotumika kama mpaka, na inastahili kuchunguzwa zaidi. Hesabu hii haigharimu kitu, lakini bila ujazo haifanyiki.

Ushahidi upo. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 kwa kura. Baada ya miaka 15, karibu 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hii, wawe walifuatiliwa, walipasuliwa au walipigwa mionzi. Ila saratani ilisambaa kwa 9 kati ya 100 waliofuatiliwa, dhidi ya kama 5 kwa waliotibiwa mapema, na takriban 6 kati ya 10 wa waliofuatiliwa waliishia kutibiwa. Tena karibu wote walikuwa wazungu, na ufuatiliaji wao ulikuwa legelege kuliko wa leo. Kwa Mwafrika ambaye baba au kaka yake aliugua, sisi tungekaza ratiba.

Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ina idara ya saratani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wa Sengerema na Geita hawangoji tena kivuko. Wa Nansio, kisiwani Ukerewe, bado anategemea meli, hivyo apange damu na kliniki katika safari moja. Awe na daftari lake: tarehe, maabara, PSA, ujazo, dawa anazotumia. Faili la hospitali hupotea, na daktari huhamishwa.

Gleason ikifika 7 au uvimbe ukikua, mazungumzo ya tiba yaanze. PSA iliyopanda mara moja hurudiwa kwanza. Na mvuvi anayehama mialo, anayejijua kwamba hataonekana Mwanza kwa mwaka mzima, tungemshauri azungumzie upasuaji au mionzi tangu mwanzo.