Uzoefu wangu na Ajira Portal: nilikosa mara mbili kabla ya kuitwa Dodoma

Nilimaliza shahada ya Maendeleo ya Jamii nikarudi nyumbani Kihonda, Morogoro, nikiwa na bahasha ya kaki na imani kwamba miezi mitatu haitapita kabla sijapata kazi. Ilinichukua karibu miaka miwili. Muda mwingi nilikuwa naomba kupitia Ajira Portal, ile tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaohitimu mwaka huu, maana makosa yangu mawili ya mwanzo ningeweza kuyamaliza ndani ya wiki moja kama ningeyajua.

Kwanza kabisa, ni bure. Kufungua akaunti bure, kutuma maombi bure. Barua za kupeleka kwa mkono hazipokelewi, kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Kilosa anapita mlango uleule anaopita mwenye mjomba ofisini. Hilo nalithamini sana. Mtu akikupigia simu akasema ana koneksheni, umtumie laki tatu akuingize kwenye orodha, huyo ni tapeli, kata simu. Mimi nilipigiwa, na kwa hali niliyokuwa nayo siku hiyo nilikaribia kukopa.

Pesa niliyoitupa kweli ni shilingi 30,000, nilizompa mtu wa kwenye WhatsApp aniandikie wasifu. Alinirudishia kurasa mbili za Kiingereza kizuri ambazo hazikuwa na habari yangu hata moja. Mahali pa uzoefu palisomeka nimesimamia miradi, wakati sijawahi kusimamia kitu. Kwenye akaunti yako ya portal unajaza mwenyewe elimu, mafunzo, uzoefu na wadhamini watatu, kipengele kwa kipengele. Kaa chini ujaze kwa mkono wako. Hao wadhamini nao waarifu mapema, na hakikisha namba zao za simu zinapatikana.

Sasa hayo makosa. Niliomba nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II mara mbili, na mara zote mbili orodha ya walioitwa kwenye usaili ilitoka bila jina langu. Nikaanza kusema yale tunayosema wote, kwamba wameshajipanga wenyewe kwa wenyewe. Tangazo la tatu lilipotoka nilikwenda steshenari moja pale Msamvu kuskani vyeti. Kijana wa pale kutwa nzima anawapakia watu maombi. Akaangalia kioo, akanigeukia.

"Dada, tangazo umelisoma mpaka chini?"

Nikamwambia nimelisoma.

"Hii uliyoweka ni hati ya matokeo. Wanataka cheti chenyewe. Halafu barua yako haina sahihi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesoma majukumu ya kazi na ngazi ya mshahara, TGS D, nikaruka masharti ya jumla. Humo ndimo wanamoandika wazi kwamba hati za matokeo, hata zile za kidato cha nne na cha sita, hazikubaliki, na kwamba barua iwe imesainiwa. Cheti changu kilikuwa bado chuoni kwa sababu nilidaiwa kitabu cha maktaba. Nilipanda basi, nikalipa, nikakichukua. Nikapitia kwa wakili kuthibitisha nakala, nikaandika barua upya kwa Katibu wa Sekretarieti, nikaiweka sahihi kwa kalamu ya bluu, tukaiskani. Kazi yote ilikuwa siku nne.

Kagua na majina. Niliyesoma naye mmoja, cheti chake cha kuzaliwa kina jina tofauti na lile la kitambulisho cha taifa cha NIDA, na namba ya NIDA ndiyo unayofungulia akaunti. Kurekebisha jina kisheria kunachukua muda mrefu kuliko muda wa tangazo. Usisubiri tangazo.

Mara ya tatu jina likatoka. Tangazo la kuitwa kwenye usaili linakutaka unakili namba yako ya mtihani kutoka kwenye akaunti, kwa sababu siku ya usaili hawagawi. Niliiandika kwenye karatasi mbili, moja nikaitia ndani ya soksi. Usafiri, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo anza kuweka akiba siku unayotuma maombi. Nilipanda treni ya SGR mpaka Dodoma, nikalala Ng'ong'ona kwenye chumba cha mwanafunzi wa UDOM tunayefahamiana.

Mtihani wa mchujo ndio uliniambia muda wangu wa kukaa nyumbani haukupotea bure. Kwa miezi minane nilikuwa najitolea kwenye ofisi ya kata, bila posho, namsaidia afisa maendeleo kusajili vikundi. Swali lilikuja juu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi hivyo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Wenzangu waliikariri. Mimi nilikuwa nawaona akina mama wenyewe wakibishana nani awe mweka hazina.

Kwenye mahojiano ya ana kwa ana waliniuliza: mwenyekiti wa kikundi amehama na marejesho yamekwama, utafanya nini? Kisa hicho kilitutokea kata nzima inaangalia. Nikawaeleza tulivyoanza na katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao cha mwisho, kisha daftari la marejesho, halafu mtendaji wa mtaa, na wapi tulikosea. Hakuna kozi ya mtandaoni ingenipa jibu lile. Ndiyo maana nawasihi mkajitolee mahali mnapogusa kazi yenyewe, hata siku mbili kwa wiki. Anayetaka utaratibu rasmi zaidi aulizie mafunzo ya vitendo kazini ya TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira.

Nilifaulu, ila nafasi zilikuwa zimejaa, nikawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Kusubiri huko kulinichosha kuliko mitihani yote miwili. Nikaendelea kwenda ofisi ya kata kila Jumanne na Alhamisi, na kila tangazo la kuitwa kazini nilikuwa nalifungua na kutafuta jina langu herufi kwa herufi.

Lilitoka saa tatu usiku, mama akiwa anasonga ugali. Nilimsomea. Redio ilikuwa juu, hakusikia vizuri, akaizima, akaniambia nimsomee tena, pamoja na jina la halmashauri.