Dawa ya viroboto wa paka: ipi ununue kwanza

Unguja na Pemba hakuna baridi ya kuwapunguza viroboto. Joto na unyevu vinawalea mwaka mzima. Na wale unaowaona mwilini mwa paka ni wachache tu. Jike mmoja hutaga hata mayai 40 kwa siku, yakaangukia mkekani, kwenye busati na chini ya kochi.

Ya kwanza kununua ni matone yaliyoandikwa "fipronil", ya paka, kichupa cha mililita 0.5. Tenganisha manyoya ukosini mpaka uione ngozi, ukamue yote hapo, pahala ambapo ulimi wake haufiki. Wengi humimina juu ya manyoya, kisha wakailaumu dawa. Usimwogeshe siku mbili kabla wala mbili baada. Rudia kila wiki nne. Aliye chini ya wiki 8 au kilo 1 asitiwe. Sungura asitiwe kabisa, inaweza kumuua.

Cha pili ni kitana cha chawa chenye meno ya chuma. Ni rahisi, na kwa vitoto vichanga ndicho salama. Chana shingoni na shinani mwa mkia, kila mara ukichovya kwenye maji ya sabuni, maana maji matupu hayamzamishi kiroboto. Ukipata chembe nyeusi, ziweke juu ya karatasi nyeupe iliyoloa: zikitoa wekundu, ni kinyesi chake.

Kidonge cha nitenpyram huanza kuua ndani ya nusu saa, lakini kesho yake nguvu imekwisha. Kinunuliwe pamoja na matone, si badala yake. Ukanda wa shingoni nauweka mwisho. Ukiutaka, chagua unaofunguka wenyewe paka akinasa.

Tafadhali, msinunue matone ya mbwa yenye permethrin, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwili wa paka hauwezi kuivunja permethrin: hutetemeka, hushikwa na degedege, hufa. Dawa iliyovutwa kwenye sindano bila lebo ikatae hapo hapo dukani. Paka akishapakwa permethrin, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Siku ya matone, watie paka wote wa nyumba, kung'uta mikeka na uianike juani, fua matandiko kwa maji moto. Wiki zinazofuata utaona viroboto wapya. Hao wametoka kwenye vifuko ambamo kiroboto mchanga hugeuka kuwa mkubwa; humo dawa haipenyi, na vinaweza kukaa miezi. Usibadilishe dawa, endelea na tarehe zako.