Disco Dancer ya kuweka nyumbani: ukiwa Mtwara, ununue ipi?

Filamu hii ya Kihindi imetoka 1982, lakini ingia leo kwenye kibanda chochote cha kujaza muvi karibu na soko kuu Mtwara, useme unataka "ile ya Jimmy", hakuna atakayekuuliza Jimmy gani. Mithun Chakraborty kacheza kama Jimmy, Bappi Lahiri katia muziki, basi. Watu wanairudia kwa ajili ya nyimbo, kwa hiyo nazipanga nakala kwa sauti kwanza, picha baadaye.

Namba moja ni DVD halisi ya India, kama deki yako bado nzima. Igeuze: iliyotoka kiwandani chini ni ya fedha, ya kurekodiwa mara nyingi ina rangi ya zambarau. Sauti haijabanwa kupita kiasi, na kwa menyu unaruka moja kwa moja hadi wimbo unaoutaka. DVD hutengenezwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, na India na sisi tuko kanda moja, ya 5, hivyo inacheza bila tabu. Ile aliyokuletea shemeji kutoka Uingereza ni ya kanda ya 2, deki inaweza kuigomea.

Namba mbili, flashi. Ni rahisi na kila runinga ya siku hizi ina tundu lake, ingawa wenye filamu hawaambulii kitu. Omba faili la aina ya MP4, maana runinga za zamani kidogo hazisomi aina ya MKV, na faili lisizidi GB 4, la sivyo flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 italikataa. Kabla hujatoa hela, mwambie kijana apeleke mbele hadi kwenye shindano la mwisho. Jimmy kaduwaa jukwaani, gita analiogopa tangu lile la umeme limuue mama yake, na mpenzi wake Rita anaanza kumwita kwa "Jimmy Jimmy". Tazama mdomo wa Rita: sauti ikichelewa hata kidogo, achana nayo. Angalia na urefu. Filamu nzima ni saa mbili na robo hivi. Ukiona saa moja na nusu, ujue nyimbo zimefyekwa.

Iliyotafsiriwa naiweka ya tatu, kwa sababu mtafsiri hanyamazi hata wimbo ukianza. Bibi yangu wa Mikindani anaipa namba moja, na kwake sibishi.

Kuitazama kwa bando ni sawa kama unataka mara moja tu. Ukiwa na watoto watakaodai irudiwe kila jioni, bando litakuumiza.

VCD ni diski mbili, na shindano la mwisho liko kwenye ya pili, ambayo aghalabu ndiyo yenye mikwaruzo. Zijaribu zote mbili palepale dukani.

Ya mwisho kabisa ni DVD moja yenye muvi kumi na kitu. GB 4.7 zikigawanywa hivyo, Mithun anabaki vibokisi vinavyocheza disko. Hata akikupunguzia bei, iache.